Ndoo Moja na Robo: Namna ya Kumlea Mhandisi Mwanamke Saiti

Mfuko wa saruji una kilo 50. Zege la nguzo likipangiwa maji nusu ya uzito wa saruji, mfuko huo unahitaji lita 25, yaani ndoo moja na robo ya zile ndoo za lita 20 zinazozagaa kila saiti. Mafundi humwaga mbili. Zege jepesi linateleza lenyewe ndani ya fomu, lile boksi la mbao linaloipa nguzo umbo, mikono haichoki, na kazi inaisha mapema. Lakini ndoo mbili ni lita 40, na zege la lita 40 halifikii nguvu iliyoandikwa kwenye mchoro hata ukilimwagilia maji mwezi mzima.

Binti aliyetoka chuo mwaka huu analijua hilo, amelifanyia mtihani. Asichokijua ni namna ya kusimama saa sita mchana juani mbele ya fomani mwenye umri wa baba yake, mafundi kumi na wawili wakisikiliza, akasema ndoo ya pili isimwagwe, na kweli isimwagwe. Hiyo haifundishwi darasani. Anayeweza kumfundisha ni aliyewahi kusimama hapo, na kama ni mwanamke, anajua pia maneno gani atajibiwa.

Maneno ya kutia moyo hatuna upungufu nayo. Kila tarehe 8 Machi tunashona sare ya kitenge, tunapiga picha, tunakata keki, tunaambiana kwamba tunaweza. Tarehe 9 binti anarudi saiti na tatizo lake lile lile la ndoo. Ulezi wa kikazi tunaouzungumzia hapa una ratiba, una daftari, una vitu vinavyopimika, na una mwisho wake.

Kwa wahandisi wa Tanzania njia yenyewe tayari ina umbo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ina mpango wa mafunzo kwa vitendo unaoitwa SEAP, ulioanza mwaka 2003, ambamo mhandisi mhitimu anafanya kazi miaka 3 chini ya usimamizi kabla ya kuomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Anajaza kitabu cha kumbukumbu za kazi, msimamizi wake anasaini. Wengi wakishapata msimamizi huyo wanadhani wameshapata mlezi. Hawa ni watu wawili. Msimamizi ndiye anayejaza tathmini yako na kuamua kama mkataba utaongezwa, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba jana ulisaini nondo ambazo hukuzihesabu. Utaficha, na kosa lililofichwa kwenye nguzo linazikwa na zege. Mlezi asiwe bosi wako wa moja kwa moja. Awe idara nyingine, mradi mwingine, hata kampuni nyingine, mradi tu asiwe na kalamu juu ya mshahara wako.

Kuhusu umri, tunashauri kinyume cha wanavyofanya wengi. Mabinti humkimbilia yule mama mkubwa mwenye jina, wa miaka 25 kazini, anayekaa meza kuu kwenye makongamano. Mama huyo ana faida yake tutakayoifikia. Lakini kwa mambo ya kila siku chagua aliyekutangulia miaka 5 mpaka 10. Huyo bado anakumbuka alivyosoma mchoro wa kwanza wa nondo akauelewa kinyume, na simu yake inapokelewa. Mlezi wa kiume naye si haba. Kwenye miradi mingi ya barabara hutampata mwingine, na wapo waliolea wahandisi wanawake vizuri kuliko sisi wenyewe. Masharti ni mawili tu: mkutane mchana mahali penye watu, na mada iwe kazi.

Pwani tunalo neno la zamani kwa kazi ya namna hii, kungwi. Watu wakilisikia hufikiria ngoma na mambo ya chumbani, wakasahau utaratibu wenyewe: kungwi mmoja, mwari wake anayejulikana, muda wenye mwisho, mafunzo yanayopimwa, na siri isiyotoka nje. Kungwi aliyetoa siri ya mwari hakupewa mwari mwingine. Makampuni mengi yanayotangaza mipango ya kuwalea wanawake hayana hata moja kati ya hayo. Yana orodha ya majina iliyobandikwa ukutani.

Mfano wa karibu zaidi ni kikoba. Kikoba cha wanawake 20 wasio na ofisi kinadumu miaka kwa sababu kina siku yake, kina faini ya kuchelewa na kina daftari. Ulezi unaokufa hufa kwa kauli ya “ukiwa na shida nipigie.” Mwanagenzi, yaani huyo anayelelewa, hatapiga. Ataona anasumbua, atasubiri tatizo liwe kubwa, na likishakuwa kubwa ataona aibu. Kwa hiyo wekeni siku. Miezi 3 ya kwanza, dakika 30 kila wiki, siku ile ile, saa ile ile. Jumamosi baada ya malipo ya vibarua panafaa, maana saiti inakuwa imetulia. Baada ya hapo kila wiki mbili. Mkubaliane mwanzoni kwamba ni miezi 18, na mwezi wa 6 mtaketi kuulizana kama inafaa kuendelea. Tarehe hiyo ya mwezi wa 6 ina kazi kubwa: inampa kila mmoja mlango wa kutokea bila ugomvi.

Daftari ni la mwanagenzi, mlezi halishiki. Kila kikao aje na mambo matatu yaliyoandikwa: alilofanya mwenyewe bila kuambiwa, alilokosea au nusura akosee, na swali moja. Swali liwe moja, la kazi. “Nifanyeje ili nifanikiwe?” halijibiki. “Fomani anaanza kumwaga zege kabla sijafika, nifanyeje?” linajibika: mwambie jioni iliyotangulia, kwa maandishi kwenye kitabu cha maagizo ya saiti, kwamba hakuna zege kabla ya saini ya ukaguzi, kisha kesho yake ufike saa kumi na mbili na nusu, kabla mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, haijawashwa. Ukifika saa mbili umeshasamehe mwenyewe.

Tulitazame jambo moja kwa ukaribu, kwa sababu ndilo linalomvunja au kumjenga binti katika wiki zake za kwanza: kipimo cha mshuko wa zege, kinachoonyesha zege limelegea kiasi gani. Kifaa ni koni ya chuma, urefu milimita 300, chini upana 200, juu 100. Unailowesha kwa ndani, unaiweka juu ya bati lisiloyumba, unakanyaga masikio yake mawili kwa miguu. Unajaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa fimbo ya chuma yenye kipenyo cha milimita 16. Unasawazisha juu, unafuta lililomwagika pembeni, kisha unainua koni wima, polepole, bila kuizungusha. Zege linashuka. Unageuza koni pembeni yake, unalaza fimbo juu, unapima kutoka chini ya fimbo mpaka kilele cha zege. Kazi yote isizidi dakika mbili na nusu.

Wanagenzi wengi hukosea palepale pa kuhesabu. Fundi anamsemesha, anapoteza hesabu kwenye 17, anaendelea kwa kukisia. Au anamwachia kibarua ashindilie huku yeye akiandika. Au zege linakatika upande mmoja na kuteleza, naye anaandika namba aliyoiona. Hapo kipimo kinarudiwa kwa zege jipya, hakiandikwi. Mlezi mzuri anamfanyisha mara 10 kabla ya siku ya zege lenyewe, nyuma ya stoo, kwa zege la kuchezea, bila watazamaji. Siku ya siku mikono inakuwa inajua, na macho ya binti yanabaki huru kuwatazama watu.

Sasa tuseme maelezo ya mradi yanataka mshuko wa milimita 75, ruhusa ya kupanda au kushuka 25. Kipimo kinatoka 140. Kuna njia tatu binti atajaribu bila kufundishwa, na zote ni mbovu. Ya kwanza ni kunyamaza na kuandika 100. Ya pili ni kupiga simu kwa bosi mbele ya mafundi. Bosi atamjibu, zege litakataliwa, na kuanzia siku hiyo kila fundi atajua kwamba neno lake halitoshi. Ya tatu ni kupaza sauti, na akishapaza sauti mazungumzo yanaacha kuwa ya zege yanakuwa ya binti mwenye hasira. Tumewaona wanaume wakipiga kelele saiti wakaitwa wakali wa kazi. Mwanamke akipiga kelele hiyo hiyo anaitwa mambo mengine. Si haki, lakini zege haliwezi kusubiri haki ipatikane.

Njia ya nne inafundishwa kwa kuigiza, mlezi akiwa fomani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba binti. Tunamwaga?”

“Njoo uone mzee wangu. Imeshuka 140, sisi tunataka 75. Hili haliingii kwenye nguzo.”

“Sisi tunamwaga hivi miaka ishirini, na majengo yamesimama.”

“Miaka yako naiheshimu. Ila kwenye karatasi linasainiwa jina langu na lako. Hili tulipeleke kwenye njia ya magari pale getini, tuliyokuwa tunaihitaji. La nguzo tuchanganye upya, ndoo moja na robo, nitasimama hapa hapa.”

Yapo mambo mawili ya kuangalia katika mazungumzo hayo. Binti amemwita fomani aone namba mwenyewe, hakumtangazia hukumu. Kisha amempa pa kupeleka zege lile ili asionekane mbele ya vijana wake amemwaga mifuko ya tajiri bure. Fomani akitiwa aibu atalipa kisasi, na kisasi cha fomani ni kimyakimya: ringi za nguzo, zile nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo kubwa, zitafungwa kwa nafasi ya sentimita 25 badala ya 15 siku ambayo haupo. Baada ya hapo binti anaandika kwenye kitabu cha maagizo: tarehe, saa, namba ya kipimo, hatua iliyochukuliwa. Nakala moja anabaki nayo. Na kama mvua ilinyesha usiku, apunguze maji bila kuambiwa, kwa sababu mchanga uliolowa unaweza kuingiza lita 5 hivi kwenye mchanganyiko wa mfuko mmoja.

Vitofali vya majaribio vya milimita 150, vilivyotengenezwa kwa zege hilo hilo, vikivunjwa siku ya 7, vinatakiwa kuwa vimefika karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Mlezi amwambie mwanagenzi aende maabara mwenyewe siku hiyo. Asitumiwe karatasi. Akisikia kitofali chake kinavyopasuka kwenye mashine, hatasahau tena kwa nini alikataa ndoo ya pili.

Jina la kuitwa nalo linaamuliwa wiki ya kwanza, kisha halibadiliki kirahisi. Saiti ataitwa binti, dada, mrembo, madam, injinia. Dada halina ubaya, ni heshima yetu, mrembo likatwe siku ya kwanza, kwa tabasamu na kwa neno moja: “Injinia.” Akilikubali mwezi mmoja kwa kuona haya, mwezi wa pili akilikataa ataambiwa amebadilika. Na shikamoo aitoe kwa wazee wote, mpaka mlinzi. Wapo wanaodhani kuamkia kunawashusha. Huku kwetu anayeshuka ni asiyeamkia.

Mwanamke pekee kwenye kikao cha saiti ataombwa vitu viwili: kuagiza chai na kuandika muhtasari. Waendesha semina wengi huwaambia wanawake wakatae vyote. Tunatofautiana nao. Chai akatae, au ashauri iwekwe kwa zamu. Muhtasari auchukue kwa mikono miwili, angalau mwaka wa kwanza. Muhtasari wa kikao cha saiti ukishasainiwa na mkandarasi na mshauri unakuwa ushahidi wa nani aliahidi nini na lini, na siku mkandarasi akidai siku 40 za nyongeza, kila mtu atakwenda kuuliza kimeandikwa nini. Anayeandika analazimika kuelewa kila neno, na ana ruhusa ya kumkatiza yeyote: “Samahani mhandisi, niandike tarehe ipi?” Swali hilo limewahi kuwatoa jasho wanaume wazima. Kitu kimoja tu mlezi amwonye: asiandike tu, kila kikao awe na hoja yake walau moja kwenye ajenda, la sivyo baada ya miezi sita atakuwa amegeuka karani.

Choo. Watu wanaona haya kulizungumza, na mabinti wanaumia. Saiti isiyo na choo cha wanawake, mhandisi mwanamke anaacha kunywa maji kuanzia asubuhi. Saa nane kichwa kinamuuma, baada ya wiki kadhaa yuko hospitali na maambukizi ya njia ya mkojo, na siku za hedhi anatafuta udhuru wa kutokwenda saiti. Wasimamizi wanaandika kwamba hahudhurii vizuri. Dawa ya jambo hili haipatikani saiti, inapatikana miezi mingi kabla, kwenye jedwali la kazi na gharama ambalo wote tunaliita BOQ, kwenye kurasa za mwanzo zenye ofisi ya saiti, uzio, mlinzi na ubao wa mradi. Choo cha wanawake chenye kitasa kwa ndani, maji na ndoo yenye mfuniko kiandikwe pale kama kipengele chenye bei. Kikikosa mstari kwenye BOQ, hakuna atakayekijenga kwa huruma. Na hapa ndipo yule mama mkubwa wa meza kuu anapohitajika, kwa sababu mwanagenzi hayupo BOQ inapoandaliwa. Kwenye mradi wa barabara unaosogea kila mwezi, kiandikwe choo cha kuhama.

Vifaa vya kinga navyo. Viatu vya usalama madukani mara nyingi ni vya namba kubwa, 40 na kuendelea. Anayevaa 37 atapewa 40 ajaze soksi, kisha atajikwaa kwenye nondo. Aagize mapema, akiandika namba yake kwenye fomu ya maombi siku anayoripoti, maana saizi ndogo mara nyingi husubiriwa. Kofia ngumu haikai juu ya rasta zilizofungwa fundo utosini wala juu ya kilemba kinene: inaelea, na ukiinama inaanguka. Nywele zisukwe kulala au zifungwe chini kisogoni, mtandio uwe wa pamba nyembamba usiokunjwa mara nyingi, mkanda wa kidevu ufungwe. Ncha za mtandio ziingie ndani ya fulana ya kuakisi mwanga, hasa karibu na mikisa na mashine ya kukata nondo.

Sasa jambo zito. Mlezi yeyote wa mwanamke kazini atafikiwa siku moja na habari ya bosi, mkandarasi au mkaguzi anayetaka mwili ili asaini, aajiri au apandishe cheo. Hiyo kwa sheria ya Tanzania ni rushwa ya ngono, na imo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mlezi asianze na “ulikuwa umevaaje.” Asianze pia na kukimbilia kwa mkurugenzi. Aanze na kalamu: siku, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, nani alikuwepo. Ujumbe wa simu usifutwe hata kama unachefua. Uhifadhiwe na nakala yake iwekwe kwenye simu nyingine. Kuanzia siku hiyo binti asiingie ofisi ile wala gari lile peke yake, na mlezi amsaidie kupanga sababu ya kikazi ya kuwa na mwenzake. Kisha uamuzi wa kwenda TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ambako namba ya bure ni 113, uwe wa binti, mlezi akiwa tayari kumsindikiza. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mlezi kuahidi siri ya kila kitu siku ya kwanza, halafu akajikuta ameshika jambo ambalo haliwezi kukaa kifuani. Aseme mapema: makosa yako ya kazi sitayatoa, mambo yako ya nyumbani sitayatoa, lakini mtu akiwa hatarini nitakuambia kwanza kisha nitasema.

Uzazi ndio mahali ambapo wahandisi wengi wanawake huachwa nyuma bila mtu kukusudia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Anatakiwa kumwarifu mwajiri walau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari. Akirudi ana haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Haya mengi wanayajua. Wasilolijua ni kwamba kazi inayopotea haipotei katika siku 84, inapotea katika wiki mbili za kabla na wiki mbili za baada.

Kabla ya kuondoka, mlezi akae na mwanagenzi waandike ukurasa mmoja: kazi zipi zinaendelea, nani anazishika kwa jina, maamuzi gani yasifanywe bila yeye, na ni kazi zipi anazirudia akirudi. Mstari huo wa mwisho ndio wenye uzito, na ukurasa usainiwe na bosi. Bila huo, akirudi atamkuta kijana aliyeshikilia nafasi yake ameshazoea, naye atapewa kupanga mafaili “mpaka mtoto akue kidogo.” Inasemwa kwa upole sana, kwa nia njema kabisa, na inachukua miaka miwili. Kitabu cha SEAP nacho kitasimama. Afunge ukurasa wa mwisho kwa saini kabla ya likizo, kwa sababu msimamizi anaweza kuhamishwa, na kumfuata mtu Kigoma na kichanga mgongoni kwa ajili ya saini tatu ni mateso yasiyo na sababu.

Na walezi wenyewe? Tunaharibu kwa njia zetu. Yuko anayemgeuza mwanagenzi kuwa msaidizi wake: mnunulie vocha, mtengenezee mawasilisho, mchukulie mtoto shule. Yuko anayesema “mimi niliteseka na sikufa,” akidhani mateso ndiyo mtaala. Huyu ni kama mama mkwe, anampokea mkamwana kwa kumrudishia yale aliyofanyiwa. Yuko anayependa kushauri kuliko kusikiliza. Dakika 30 zikiisha utakuta ameongea 25. Ukijikuta hivyo, weka sharti kwamba mwanagenzi ndiye anayefungua na kufunga kikao. Na yuko mwenye huruma iliyozidi, anayempigia fomani simu yeye mwenyewe kumaliza ugomvi. Amemwokoa leo, kesho fomani atataka kuzungumza na yule mama, si na huyu binti.

Lipo pia suala la fedha, ambalo wanawake hatuambiani. Mwanagenzi anasaini mkataba wa kwanza bila kujua posho ya saiti, nauli na bima vinajadilika. Mlezi amtajie kiwango kwa tarakimu, kutoka namba hii mpaka namba hii, kwa cheo hiki, kwa mradi wa ukubwa huu. Si lazima ataje wake. Dakika tano za tarakimu zinafaa kuliko semina nzima ya kujiamini.

Kingine ambacho mlezi anaweza kufanya na mwanagenzi hawezi kujifanyia ni kulitaja jina lake mahali asipokuwepo. Kwenye kikao cha kugawa miradi, mhandisi mwanamke kijana mara nyingi hasahauliwi kwa chuki. Jina lake halimjii mtu kichwani, basi. Mlezi aseme: “Daraja lile dogo apewe fulani, alisimamia zege la nguzo zote za jengo B na vitofali vyake vilipita.” Asiseme ni binti mzuri, anajituma. Sifa ya tabia inasahaulika kabla chai haijapoa, namba ya vitofali inabaki. Ndiyo maana daftari lile linatakiwa kuwa na namba.

Kuanzia mwezi wa 12 mpeni naye binti mwanagenzi wa kwake. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo wanakuja kwa mafunzo ya vitendo ya wiki kadhaa, na wengi wao huishia kukaa kwenye kivuli cha kontena wakicheza na simu. Mmoja akabidhiwe. Atakayejifunza zaidi hapo ni yule mwanagenzi wetu, atakapoulizwa kwa nini mara 25 na siyo 20, akatafute jibu usiku.

Asubuhi ya zege, mlezi akipita saiti, asimame mbali upande wa stoo. Binti wa chuo anakanyaga masikio ya koni, viatu namba 37. Mwenzake amechuchumaa pembeni anahesabu kwa sauti, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Fomani ameshika ndoo ya pili, ina maji robo, anasubiri aambiwe.